Wanataka nigombee, na tajiri yuko tayari kulipa

Mama, shikamoo.

Mimi ni nesi katika zahanati moja ya Kaunti ya Kwale. Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto watatu. Zahanati hiyo nimeitumikia miaka 14. Asubuhi nikisimama mlangoni kwangu naona watoto wakienda shule, na wengi wao mikono ya kwanza kuwapokea duniani ilikuwa yangu.

Mambo yalianza pale tangi la maji la chumba cha kujifungulia lilipopasuka. Tulikaa hivyo miezi saba. Mama mwenye uchungu anakuja na mtungi wake, au mkwewe anatumwa kisimani usiku na kurunzi. Niliandika barua mara tatu, sikujibiwa. Mwishowe nikawaendea wenzangu wa chama chetu cha kina mama, hiki cha kuwekeana akiba, si cha siasa. Tuko 40. Tukaandika barua moja, wanaojua kuandika wakatia sahihi na wasiojua wakatia vidole gumba, tukaipeleka wenyewe hadi afisi za kaunti, tukaketi pale mpaka tukasikizwa. Baada ya wiki tatu tangi likaja. Siku linapandishwa, bibi mmoja akapiga kigelegele akasema, "Huyu ndiye MCA wetu wa 2027." Mjumbe wa bunge la kaunti, mimi! Nilidhani ni mzaha.

Tangu neno hilo litoke, mlango wangu haufungiki. Wengine wananigongea kabla ya swala ya alfajiri. Huyu karo, yule nauli ya kupeleka mgonjwa Msambweni, mwingine sanda. Vijana wa boda boda wakinipita wananiita mheshimiwa kisha wanasimama, nami naona aibu kuwaacha wasimame bure. Mwezi uliopita mshahara wangu uliisha tarehe 12. Nikiitwa kwenye harambee, mwenye kipaza sauti ananitambulisha kama mgombea, nami sijasema popote kwamba nagombea.

Kaka yangu anasema siasa haiendeshwi kwa mdomo mtupu. Anataka tuuze shamba la minazi alilotuachia baba. Mama yetu bado anaishi hapo. Nilipokataa, akaja na mtu mwenye malori ya mchanga ambaye pia hupata kandarasi za barabara za kaunti. Bwana huyo akaniambia atagharimia kila kitu: gari, mafuta, tisheti, leso, mawakala. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Sitaki kitu, mwanangu. Tukumbukane tu." Alipoondoka, mama akanionyesha bahasha aliyoachiwa. Sijaifungua. Imewekwa chini ya godoro la mama mpaka leo, na mama hapati usingizi.

Mume wangu anaendesha matatu ya Ukunda na Likoni. Nilipomweleza, alisema, "Wewe ndiye ujuaye," akageukia ukutani. Na afisa mmoja wa chama cha siasa ameniambia nisijisumbue na kura, mwanamke kama mimi nisubiri tu niteuliwe viti maalum.

Mama, nigombee au niache? Na mtu asiye na pesa anaweza kushinda kweli, au kina mama wenzangu wananipeleka nikaaibike?

Nesi, Kwale

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na bahasha. Irudishe wiki hii. Usiifungue wala usihesabu kilichomo. Nenda na mumeo, na mchukue mzee mmoja anayeheshimika kijijini, muiweke mkononi mwa mwenyewe mbele ya macho yao. Usimtume kaka yako. Kila siku inayopita ikiwa chini ya godoro, yule bwana anazidi kuamini kwamba mmekubaliana, na mama yako ndiye aliyebebeshwa mkataba ambao hakuusoma.

Nakuhimiza hivyo kwa sababu ya kazi yenyewe unayoitiwa. Bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti ya kaunti, na Katiba ya 2010 imewapa wajumbe wake jukumu la kuichunguza serikali ya kaunti na matumizi yake. Siku barabara ya bwana huyo itakapozolewa na mvua za masika za kwanza, anayetakiwa kusimama kwenye kikao na kuuliza kifusi kimekwenda wapi ni wewe. Utaulizaje, na mafuta ya kampeni yako alilipa yeye? Siku hiyo ndiyo atakayokukumbusha lile neno lake la kukumbukana.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mwaka 2017 mdogo wangu wa kike aligombea kiti cha MCA, nami nilikuwa mshika mfuko wake. Nilinunua daftari la kurasa 200, nikachora mistari, nikaandika kila shilingi iliyotoka. Nilidhani pesa zitamalizwa na mabango na mafuta ya gari. Haikuwa hivyo. Daftari lilijaa vitu vidogo vidogo: 200 za soda, 500 za nauli, 1,000 za matanga, mabati mawili kwa mzee fulani, kikombe cha mashindano ya mpira wa vijana, mchango wa maulidi, mchango wa kanisa. Hakuna ukurasa uliokuwa na pesa nyingi, ila hapakuwa na ukurasa usio na pesa. Mwezi wa mwisho niliacha kuandika majina, nikawa naandika "lango" tu, maana wote walikuja langoni.

Na wale waliopewa, wengi walipewa na wagombea wengine pia. Siwalaumu, na wewe usiwalaumu. Mtu anayemwona kiongozi mara moja kwa miaka mitano huchukua chake siku hiyohiyo, kwa kuwa maisha yamemfundisha kwamba baada ya kura hatapata kingine. Anajilipa mapema deni ambalo anajua halitalipwa. Lakini wewe wamekuona ukilipa kabla ya kuomba kura. Hilo tangi ni jambo ambalo hakuna mgombea mwenzako atakayeweza kulinunua, na naona wewe mwenyewe hujalipima uzito wake.

Jua pia kwamba kumpa mpiga kura kitu ili akupigie kura ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na anayepokea naye ana hatia sawa na mtoaji. Utaambiwa kila mtu anafanya hivyo. Wengi wanafanya, ni kweli. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni nayo ilipitishwa 2013, lakini uchaguzi wa 2017 na wa 2022 ulipita bila mipaka yake ya matumizi kufanya kazi, ndiyo maana mwenye malori anaweza kumwaga apendavyo. Wewe huwezi kushindana naye kwa kumwaga. Ukiingia kwenye mashindano hayo, umeshindwa siku ya kwanza.

Mdogo wangu alishindwa kwa kura 112. Kilichoniuma zaidi ya zile 112 ni vituo vinne vya kupigia kura ambavyo kufikia saa tisa mchana havikuwa na wakala wetu hata mmoja. Tuliwapeleka alfajiri, tukawasahau. Hakuna aliyewapelekea chai wala chakula, wakaondoka mmoja mmoja kwa njaa. Kura za MCA huhesabiwa palepale kituoni, matokeo huandikwa kwenye Fomu 36A, mawakala hutia sahihi na kupewa nakala. Sisi katika vituo vile vinne hatukupata nakala. Sisemi tuliibiwa. Nasema hatukuwa na macho mle ndani, na mpaka leo hatujui. Kesi ya kupinga matokeo hufunguliwa ndani ya siku 28, na kwa kiti cha MCA sheria inadai dhamana ya shilingi 100,000 kwa ajili ya gharama. Hatukuwa na nakala wala hiyo laki moja. Tulibaki na deni, na deni lile tulimaliza kulilipa 2020, baada ya shemeji yangu kuuza gari lake.

Ningepewa tena lile daftari, ningefunga lango na pesa zote ningeziweka kwa mawakala: nauli, chai, chakula cha mchana, na mtu wa pikipiki wa kuzunguka vituo kuwaangalia. Hiyo ndiyo pesa inayolinda kura. Tafuta orodha ya vituo vya wadi yenu, hesabu ni vingapi, kisha piga hesabu ya kumlisha mtu mmoja kwa kila kituo kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi usiku wa manane. Ukiipata hiyo hesabu utajua kampeni yako inahitaji kiasi gani hasa, na huenda ukaona ni jambo ambalo kina mama 40 wanaweza kulichangia.

Shamba la minazi lisiguswe. Kaka yako mwambie mimi ndiye niliyesema. Mama yenu aking'olewa pale halafu ukakosa kiti, mtakosa nazi, mtakosa kiti, na mtakosa mahali pa kukutana siku ya Idi.

Sasa kazi yako ya unesi, hapa nataka unisikilize kwa makini. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea hutakiwa kujiuzulu angalau miezi sita kabla, na 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, ilisimamia jambo hilo. Kwako ina maana barua yako iwe imepokewa kabla ya tarehe 10 Februari 2027, na usingoje siku ya mwisho. Kujiuzulu si likizo. Ukishindwa, hakuna anayelazimika kukurudisha kazini, na zahanati itakuwa na nesi mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua hiyo, nenda afisi ya wafanyakazi uulize kwa maandishi pensheni yako ya miaka 14 inakuwaje ukiondoka sasa, na usikubali kujibiwa kwa mdomo. Kisha mkae na mumeo muone kama nyumba inaweza kuishi kwa matatu peke yake kuanzia Februari hadi Agosti, na pengine baada ya Agosti.

Mpaka siku hiyo wewe ni mtumishi wa umma, na sheria haikuruhusu kushika cheo katika chama cha siasa wala kufanya siasa za chama. Kwa hiyo huyo anayekutambulisha kwenye harambee kama mgombea anakuponza bila kujua. Mfuate kando, mwombe kwa heshima akutambulishe kama nesi wa zahanati. Inatosha, na mimi naamini inakujenga zaidi.

Pia mtume mtu, au nenda mwenyewe, ukahakikishe katika Afisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa kwamba jina lako halimo kwenye orodha ya chama chochote. Wakenya wengi wamejikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Nakueleza hili kwa sababu kuna mlango wa mgombea huru. Katiba inamtaka mgombea huru wa MCA asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na aungwe mkono na wapiga kura 500 walioandikishwa katika wadi. Ukipitia chama kuna ada ya chama, kuna mchujo, na kuna wakubwa wa kuwaamkia. Ukiwa huru huna wa kukubeba, lakini pia huna wa kukunyang'anya tiketi usiku. Ada ya IEBC yenyewe si kikwazo. Mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000 kwa mgombea wa MCA, na nusu ya hiyo kwa wanawake.

Hapo kwenye 500 ndipo ningekupimia hao kina mama. Uliniuliza kama wanakupeleka ukaaibike. Mimi siwajui, lakini najua njia ya kuwajua. Mko 40. Kila mmoja akileta majina 13 ya watu wa wadi yenu wenye kura, watu waliokaa nao na kuzungumza nao ana kwa ana, mnapata 520. Wao ndio wafanye kazi hiyo, si wewe. Hayo hayatakuwa fomu za tume, ni hesabu yenu ya ndani kwenye daftari. Wape mwezi mmoja. Wakirudi na majina 500 ambayo kila moja lina mtu anayejulikana anapolala, basi kile kigelegele kilitoka moyoni. Wakirudi na majina 90 na sababu nyingi, umeokoa kazi yako, na mtabaki marafiki.

Na mlango wako? Lango halifungwi kwa kujificha. Kuanzia kesho, anayekuja kwa ugonjwa msikilize kama nesi, kama ulivyofanya miaka 14. Anayekuja kwa pesa mwambie ukweli: mshahara wangu unaujua, umekwisha. Wape wenzako wa chama cha akiba orodha ya wanaohitaji hasa, yatima, wagonjwa wasio na mtu, mchange pamoja kama mlivyokuwa mkichanga kabla ya siasa kuingia, bila jina lako kutajwa. Wengine watakuita mchoyo. Utapoteza baadhi yao. Lakini ukianza kutoa sasa, mpaka Agosti 2027 utatoa nini, na ukishinda utatoa nini miaka mitano?

Vijana wa boda boda waeleze pia MCA anafanya nini, kwa sababu nimeona wagombea wengi wakiahidi wasichokuwa nacho. Shule za msingi na sekondari na polisi ni za serikali kuu. Ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF, umekuwa upande wa mbunge. Zahanati, chekechea, maji, na barabara za kaunti, hayo ndiyo yako. Wewe ndani ya zahanati umeona dawa zikiisha na tangi likipasuka. Katika bunge la kaunti ungekuwa mtu anayejua bei ya glavu na idadi ya wanaojifungua kwa mwezi, na waziri wa afya wa kaunti asingekudanganya kirahisi.

Huyo afisa aliyekwambia usubiri uteuzi, mjibu kwa adabu na uendelee na safari yako. Viti vya uteuzi vipo kikatiba, vinajaza pengo ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya bunge la kaunti, na vina wanawake wachapakazi. Lakini orodha ya uteuzi hupangwa na chama, na aliyekuweka anaweza kuamua usiwemo. Kwenu Kwale mnaye Fatuma Achani, aliyekaa naibu wa gavana tangu 2013 kisha 2022 akaenda kwa wapiga kura mwenyewe, akachaguliwa gavana. Mwaka huo wanawake saba walichaguliwa kuwa magavana nchini. Mwanamke kuomba kura Kwale si kioja tena.

Hata hivyo matusi yatakuja, nisikufiche. Mwanamume akigombea huulizwa ana pesa kiasi gani. Mwanamke huulizwa alilala wapi. Mdogo wangu alisingiziwa wanaume ambao hakuwahi kuonana nao, na maneno yale yalimfikia mumewe steji kabla hayajamfikia yeye. Ndiyo maana nafikiri mumeo aligeukia ukutani. Si lazima awe amekasirika. Yeye ndiye atakayekaa Likoni kila siku akisubiri abiria, na kila kondakta atakuwa na la kusema kuhusu mkewe. Hilo hakulisema, lakini nadhani analiona. Mtafutie siku ambayo matatu iko gereji, mketi wawili tu, bila kaka yako. Usimuulize kama anakuruhusu. Muulize anaogopa nini, kisha nyamaza mpaka amalize. Akikwambia hawezi kulibeba, mwanangu, niamini kwamba hutaweza kulibeba peke yako, na uamuzi wa kuacha hautakuwa wa aibu.

Mimi natamani ugombee. Nimesoma barua yako mara nne, na kila mara nimewaona wale wanawake wameketi nje ya afisi za kaunti na karatasi yao ya vidole gumba. Lakini usigombee kwa pesa za mchanga, na usiandike barua ya kujiuzulu kabla ya majina 500 na kabla ya neno la mumeo.

Nisalimie mama sana. Ukishairudisha bahasha, niandikie aliipokea vipi.